Kutafuta kikundi cha kuacha pombe Dar es Salaam: mwongozo kamili kuanzia simu ya kwanza

Ukiuliza kijiwe chochote cha Sinza au Temeke wapi pa kunywa, utatajiwa grosari tano kabla hujamaliza swali. Uliza wapi watu wanakutana ili waache, kijiwe kizima kitanyamaza, kisha mmoja atakuuliza kama umeokoka. Vikundi hivyo vipo mjini. Ila havina bango barabarani wala havitangazwi kwa spika, maana wanaohudhuria hawataki kujulikana, na ndiyo maana mtu anaweza kukaa Dar miaka yote akidhani havipo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuacha, au aliyekwisha kujaribu peke yake ikashindikana. Niseme mapema ninachoamini, kwa sababu ushauri wangu wote umetoka hapo: kikundi cha kukufaa ni kile kinachokutana saa ile ile unayoanza kunywa, mahali unapoweza kufika kwa nauli uliyonayo. Sifa zake nyingine zinakuja nyuma. Pombe ya mjini ina ratiba. Inaanza saa kumi na moja na nusu jioni watu wakitoka kazini, barabara ya Mbagala imefunga, mtu anajiambia "ngoja foleni ipungue" huku ameshavuta kiti. Mkutano wa Jumamosi asubuhi, hata uwe mzuri namna gani, hauwezi kukusaidia na Ijumaa jioni.

Kwanza mwili

Kama unakunywa kila siku, na hasa kama asubuhi lazima uzimue ndipo mikono itulie, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu ukinyimwa huasi. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika na kukosa usingizi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege huweza kutokea katika siku mbili za kwanza. Kinachotisha zaidi ni kuweweseka, ambako kwa kawaida huja kati ya saa 48 na 96: mtu anaona wadudu ukutani, anaongea na wasiokuwepo, hajui yuko wapi, joto linapanda. Nyumba nzima itasema amerogwa au amepandisha mashetani, na mganga ataitwa. Huyo anatakiwa kuwa hospitali usiku huo huo. Bila matibabu anaweza kufa.

Maskani wanaiita arosto, na wengi wanadhani arosto ni ya watu wa unga peke yao. Kumbe arosto ya unga humtesa mtu vibaya lakini mara chache humuua. Ya pombe ndiyo inayoua.

Hospitali hutumia dawa za kutuliza, kama diazepamu, kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa mnywaji wa muda mrefu hupungukiwa nayo na ubongo huweza kuharibika. Usijinunulie diazepamu duka la dawa ukajitibu. Ikikutana na pombe mwilini inaweza kuzima pumzi.

Pa kwenda: hospitali za rufaa za mkoa ni Amana, Mwananyamala na Temeke, na juu yao ipo Muhimbili pale Upanga. Ulizia kitengo cha afya ya akili. Najua neno "akili" linawarudisha watu getini. Ukifika utakuta kwenye benchi watu wa kawaida kabisa, mwalimu, dereva, mama wa sokoni, kila mmoja anaangalia simu yake. Ukishaingia sema wazi kiasi unachokunywa. Mtu akiulizwa hujibu "kidogo tu, bia mbili tatu" hata kama ni chupa kubwa ya konyagi kwa siku, na daktari atapanga dozi kwa hizo bia mbili tatu. Kama ni gongo, sema gongo. Ndiyo, ni haramu kisheria, lakini daktari si polisi, na anahitaji kujua kwa sababu gongo huweza kuwa na sumu za kuharibu macho.

Kama hujui umefikia wapi, omba dodoso la AUDIT. Ni maswali 10 yaliyotungwa chini ya Shirika la Afya Duniani, alama zake ni 0 hadi 40. Kuanzia 8 ni onyo; 20 na zaidi huashiria kwamba mwili umeshaanza kuitegemea pombe, na hapo uanze na daktari kabla ya kikundi.

Unatafuta kitu gani hasa?

Watu huchanganya vitu vinne, wakafika pasipo pao, wakakata tamaa.

AA, yaani Alcoholics Anonymous, ndio mtandao mkongwe. Ulianzia Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935, kwa mfanyabiashara wa hisa na daktari mpasuaji, wote walevi, waliogundua kwamba wakikaa kuongea hawanywi. Hatua zao 12 zilichapishwa mwaka 1939. Hakuna ada, hakuna fomu, hakuna mwalimu. Sharti moja tu: uwe na nia ya kuacha pombe. Mikutano huendeshwa na walevi wenyewe walioacha au wanaojitahidi kuacha. Je, inafanya kazi? Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565 na kukuta kwamba AA, pamoja na tiba zinazomwelekeza mtu huko, huwasaidia watu kukaa bila kunywa kabisa kwa kiwango sawa na tiba nyingine za kisaikolojia au zaidi yake. Kwa kitu cha bure, hiyo si haba.

Cha pili ni vikundi vya dini na vya hospitali. Kanisa likiwa na huduma ya waraibu, au mshauri nasaha akiwa na wagonjwa anaowakutanisha, hapo kuna kiongozi mwenye cheo. Wengine wanapenda hivyo. Vipo vizuri, vipo vya kukimbia, nitarudi huko.

Cha tatu ni soba hausi, nyumba ambamo mwenye uraibu anakaa kwa miezi. Unalipia, unalala huko, hutoki ovyo. Inamfaa ambaye nyumbani kwake hapakaliki bila kunywa. Kabla ya kulipa nenda ukaione kwa macho yako, uulize kama imesajiliwa, na nani anawaangalia wanaopitia arosto usiku. Nyumba inayopokea watu waliofungwa kamba na ndugu zao, isiyo na hata muuguzi, mimi singempeleka mtu.

Cha nne ni kliniki za methadoni. Ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Hizi ni za watumiaji wa heroini. Methadoni haitibu ulevi wa pombe, na kila siku yupo ndugu anayempeleka mlevi wake kwenye foleni isiyo yake.

Kuvitafuta, simu mkononi

Anza na tovuti ya AA yenyewe, aa.org, ambako kuna sehemu ya kutafuta ofisi na vikundi nchi kwa nchi. Ipo pia programu ya simu ya bure iitwayo Meeting Guide. Ukikuta mkutano wa Dar, usiuamini mpaka upige simu au uandike barua pepe, kwa sababu vikundi huhama chumba na orodha hubaki ile ile. Angalia na saa: wao huandika 18:00, nayo ni saa kumi na mbili jioni yetu. Kuna mtu atasikia "six", afike saa sita mchana akute geti limefungwa, aondoke akisema AA ni matapeli.

Orodha isipokupa kitu, piga hodi kwa watu. Mlango ninaouamini kuliko yote ni wauguzi na washauri nasaha wa kitengo cha afya ya akili, maana wao ndio hupokea watu waliotokea kwenye vikundi na kuwarudisha huko. Wa pili ni ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako: Jiji (iliyokuwa Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Wa tatu ni ofisi za makanisa makubwa ya katikati ya mji na Oysterbay, hata kama wewe si Mkristo. Vikundi vya AA duniani kote hukodi vyumba vya makanisa kwa sababu ni nafuu na vina viti, si kwa sababu ni vya kanisa. Katibu wa parokia hujua nani anachukua ufunguo wa ukumbi Jumanne jioni. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo ina namba ya bure, 119. Kazi yao ni dawa za kulevya, lakini habari za soba hausi wanazo.

Kinachowashinda wengi ni ile sentensi ya kwanza. Hii hapa, ibadilishe upendavyo:

"Habari za kazi, dada. Samahani kwa usumbufu. Natafuta kikundi cha watu wanaoacha pombe, wanaokutana kwa siri, kama AA. Kuna mtu hapo anaweza kunielekeza?"

Hakuna anayekulazimisha kusema ni wewe. Ukitaka sema ni mdogo wako. Upande wa pili wameshasikia habari za wadogo wengi. Akikuambia hajui, usikate simu. Muulize: "Basi wewe ungekuwa mimi ungempigia nani?" Swali hilo hufungua milango Dar kuliko barua yenye muhuri.

Ukimpata mtu wa kikundi, maswali ni haya: mnakutana siku gani na saa ngapi, mnatumia lugha gani, mkutano ni wa wazi au wa waraibu tu, na nikifika getini niseme naenda wapi. Suala la lugha ni zito. Mikutano iliyo kwenye orodha za kimataifa mara nyingi imeanzishwa na wageni, na huenda ikawa ya Kiingereza. Kama Kiingereza chako ni cha kuombea kazi, uliza kama unaweza kuongea Kiswahili zamu yako ikifika. Maumivu hayatafsiriki vizuri, na kwa kawaida watakuruhusu.

Mkutano wa wazi anaingia yeyote, hata ndugu na mwanafunzi wa udaktari. Wa waraibu tu ni wa mwenye tatizo mwenyewe. Kama unaogopa, anza na wa wazi.

Chora ramani ya jioni yako

Kaa chini na karatasi. Andika unatoka kazini saa ngapi, unapanda gari wapi, unashuka wapi, na baa ipi iko kati ya kituo na mlango wako. Halafu uangalie kikundi kinaingia wapi hapo. Anayefanya kazi Posta na kulala Kimara ana mwendokasi, hivyo kikundi cha Upanga au Magomeni kinamkalia vizuri. Anashuka, anakaa saa moja, anapanda tena. Wa Kigamboni anayevuka kwa pantoni aangalie asije akakwama Magogoni usiku, pale penye vinywaji. Kama lazima upande bodaboda kwenda na kurudi, piga hesabu ya mwezi mzima kabla hujajipa moyo. Nauli ikikushinda wiki ya tatu utasema kikundi hakikukufaa.

Je, kikundi cha mtaani kwako au cha mbali? Wengi hukimbilia mbali ili wasionekane. Nawaelewa, ila nina neno. Mtaa ulishajua. Umeshalala barazani, umeshaimba usiku, mama mwenye nyumba ameshakufungulia geti saa tisa. Siri unayoilinda kwa nauli kubwa pengine haipo. Kwa mwalimu, kiongozi wa dini au askari mambo ni tofauti, na kwa Mwislamu ambaye nyumbani hawajui kabisa kwamba anakunywa, umbali unaweza kuwa ndio kinga yake. Wengine wote: chagua karibu.

Siku ya kwanza

Kula kwanza. Njaa na kiu ya pombe hufanana sana saa kumi na mbili jioni. Fika dakika kumi mapema, kwa sababu ukichelewa utasimama mlangoni, na aliyesimama mlangoni huondoka.

Ndani utakuta viti vya plastiki vimepangwa duara au mstari, chai, pengine watu wanne tu. Mmoja anafungua kwa kusoma karatasi fupi inayoeleza AA ni nini. Kwenye vikundi vingi kuna sala ya kuomba utulivu. Kisha watu huongea mmoja mmoja: alivyokuwa, kilichotokea, yukoje sasa. Hakuna anayemkatiza mwenzake, hakuna anayemjibu wala kumshauri. Kwetu hili ni geni, maana tumezoea kikao ambacho mtu akieleza shida yake wazee watano wanamtolea hukumu. Hapa akimaliza anaambiwa asante, anafuata mwingine.

Utasikia mtu akisema, "Naitwa Hamisi, na mimi ni mlevi," wengine wakiitikia, "Karibu Hamisi." Jina lake si lazima liwe Hamisi. Zamu ikikufikia una ruhusa ya kusema, "Naitwa fulani, leo nimekuja kusikiliza." Inatosha, na hakuna atakayekusukuma.

Ukiwa umekunywa siku hiyo, nenda hivyo hivyo, ukae nyuma usikilize. Kosa ni kutokwenda. Ila kama umelewa kiasi cha kugombana, rudi kesho.

Kikapu kitapita. Anayeweza huweka chochote cha kulipia chumba na sukari; mgeni hatarajiwi kutoa. Hakuna anayeandika.

Kuhusu Mungu: hatua za AA zinamtaja, kwa maneno ya "Mungu kama kila mmoja anavyomwelewa". Mwislamu, Mkristo na asiye na dini hukaa duara moja. Sala ya magharibi huangukia saa hiyo hiyo, hivyo kama unasali waambie mapema, utatoka na kurudi. Kikundi kinachokushinikiza ubadili dini kimeacha kazi yake.

Baada ya mkutano usikimbie. Zile dakika kumi na tano za kusimama nje na kikombe ndipo kazi ilipo, kwa maoni yangu kuliko mkutano wenyewe. Ndipo unapopata namba za simu. Omba mbili au tatu, za watu wa jinsia yako.

Dada zangu, neno la pembeni. Mwanaume anayekuzoea haraka, anayetaka kukurudisha nyumbani na kukutumia ujumbe usiku eti akusaidie, hata kama ameacha pombe miaka mingi, mpe mgongo. Tafuta mwanamke mwenzio. Kama hayupo kwenye kikundi hicho, mikutano ya wanawake pekee ipo mtandaoni.

Vya kukimbia

Kikundi kinachokudai ada ya usajili au kukuuzia unga wa kuchanganya kwenye chai. Hizi "dawa za kuachisha pombe" zinazotangazwa mitandaoni ni janga. Hujui kilichomo, na mke anayemtilia mumewe kisirisiri anaweza kumuua. Ipo dawa halali ya hospitali, disulfiramu, inayomfanya mtu augue vibaya akinywa pombe, lakini hupewa mtu anayejua anachomeza na ambaye moyo na ini lake vimepimwa. Kumtilia mtu bila yeye kujua ni hatari hata ikiwa dawa yenyewe ni ya kweli.

Kimbia pia panapokuambia uache dawa zako za kifafa, kisukari, presha au VVU kwa sababu "umeshapona". Na panapotaka ushuhuda wako kwenye kamera. Ushuhuda wa mtu aliyeacha wiki iliyopita, ukawekwa YouTube, humfuata hata siku akiteleza, na atateleza kwa aibu mara mbili.

Wiki za mwanzo

Nenda angalau mara sita kabla ya kuamua kama kikundi kinakufaa. Mara ya kwanza utasikia harufu ya chumba tu. Ya pili utahesabu makosa ya watu. Baadaye ndipo kuna mtu ataeleza jambo ulilodhani limekupata wewe peke yako.

Wenye AA hupenda kumwambia mgeni ahudhurie mikutano 90 kwa siku 90. Dar, ambako mkutano wa ana kwa ana huenda ukawa mara moja au mbili kwa wiki, hilo linawezekana kwa mtandao tu. Tovuti ya aa-intergroup.org huorodhesha mikutano ya mtandaoni ya saa zote, na unaweza kuchagua lugha. Nairobi saa zao ni sawa na zetu, hivyo mikutano yao haikuchanganyi. Ya London, saa 11 jioni yao wakati wa baridi ni saa 2 usiku yetu. Wao wakisogeza saa zao kipindi cha joto inakuwa saa 1.

Shida ya mtandaoni si bando. Ni nyumba za kupanga zisizo na dari, ambapo ukikohoa chumba cha tatu wanakuambia pole. Vaa hedifoni usikilize, na zamu yako andika badala ya kusema. Au toka, kaa kwenye uwanja wa kanisa au msikiti, au ndani ya gari la rafiki. Kabla ya kuingia badilisha jina linaloonekana. Simu nyingi zitatangaza majina yako matatu.

Kundi la WhatsApp ni hivyo hivyo. Namba yako inaonekana na wote, picha yako pia. Toa picha, weka jina moja. Na ukiona mtu anapiga picha ya skrini ya maneno ya mwenzake, toka.

Baada ya wiki chache tafuta sponsa. Huyu ni mtu aliyekaa bila pombe muda wa kutosha, wa jinsia yako, anayekuongoza kwenye zile hatua 12 na anayepokea simu yako usiku. Halipwi. Usimkope, naye asikukopeshe. Deni likiingia, simu ya usiku hufa.

Halafu kuna kalenda. Tarehe za mshahara unazijua. Zijue na hizi: siku ya Simba na Yanga, vikao vya harusi, ambavyo Dar nusu yake hufanyika baa, na Desemba kwa mtu wa Moshi, ambako mbege itamsubiri mezani kwa shangazi na kukataa ni kama kutukana ukoo. Kwa kila moja andaa jibu kabla hujaondoka nyumbani. "Natumia dawa, daktari amenikataza" halina mjadala, na si uongo sana. Kwenye kikao cha harusi toa mchango wako kwa simu, tuma udhuru, uende kwenye mkutano wako. Kamati ikishaiona hela haitakutafuta. Kwa safari ya Desemba kubaliana na sponsa mpigiane kila jioni saa fulani, na ujue kabla ya kuondoka kama huko unakokwenda kuna kikundi.

Ukiteleza, piga simu asubuhi hiyo hiyo, kabla hujazimua. Mkutano unaofuata nenda. Usijiwekee adhabu ya kukaa mwezi bila kuonekana. Na ukumbuke mwili uliopumzika miezi miwili haubebi tena kiasi ulichokuwa unabeba.

Kwa mke, mama, kaka wa mlevi

Huwezi kuhudhuria mkutano kwa niaba yake. Lakini una mkutano wako. Al-Anon ilianzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya ndugu wa walevi, na ina mikutano mingi ya mtandaoni. Inamfaa hata yule ambaye mlevi wake hajaamua kitu. Kwa vitendo, nyumbani fanya mawili: usimlipie deni la baa, na usimpigie bosi kumtungia malaria. Akipigana, hayo si ya kikundi tena. Ni ya dawati la jinsia kituo cha polisi.

Kama mtaani kwenu hakuna

Desturi za AA zinasema walevi wawili au watatu wakikutana ili waache pombe wanaweza kujiita kikundi. Mnahitaji chumba, siku moja isiyobadilika, na saa ile ya kunywa. Omba darasa la shule ya awali, chumba cha parokia au cha madrasa wakati hakuna kipindi. Mwambie mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba mnakutana kusaidiana kuacha pombe, bila kumpa majina, ili watu wasidhani ni kikao cha siasa. Andikieni AA kupitia tovuti yao muulize kuhusu vijitabu vya Kiswahili na namna ya kuingizwa kwenye orodha.

Kitakachowaua si uchache. Ni Udar es Salaam wetu. Mwezi wa pili mtu atasema tuwe na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwezi wa tatu atasema tuanzishe kikoba, "ili watu wawe na sababu ya kuja". Wa nne, sare. Kataeni yote. Ikishaingia fedha, anayeshindwa kulipa hisa ataona aibu kuja, na huyo ndiye aliyeteleza wiki hiyo. Anayefungua mkutano abadilike kila mwezi, mwingine atunze ufunguo, mwingine anunue majani ya chai. Na wiki atakayokuja mtu mmoja tu, afungue chumba kwa saa iliyotangazwa, akae saa nzima, kwa sababu mgeni akija akakuta kufuli hatakuja tena.